Programu ya FTP inafungua folda usiyoitaka: dalili, sababu na dawa

Mwenye nyumba ya wageni Mikindani analalamika kwamba picha za vyumba "zimepanda lakini tovuti haizioni". Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) upande wa Tandahimba, msimu wa minada ya korosho umepamba moto, anataka kubandika tangazo la bei mapema, ila kila akiunganisha anaanza kufungua folda moja baada ya nyingine mpaka afike panapotakiwa. Kijana wa steshenari Ligula yeye hana maneno mengi: "Njia nimeweka, inagoma." Ukikaa nao unakuta shida ni ile ile. Folda ambayo programu ya FTP (ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta yako na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti) inaifungua mara tu baada ya kuingia kwenye seva siyo wanayoitaka.

Nitaeleza zaidi kwa FileZilla kwa sababu ndiyo ninayoikuta kwenye kompyuta nyingi za huku. Bonyeza Ctrl+S kufungua "Site Manager", chagua jina la tovuti yako upande wa kushoto, kisha ingia kichupo cha "Advanced". Kuna visanduku viwili: "Default local directory" ni folda ya kwenye kompyuta yako, na "Default remote directory" ni folda ya kwenye seva. Wanaotumia WinSCP wachague tovuti, wabonyeze "Edit", halafu "Advanced", na chini ya "Environment" wafungue "Directories".

Kupajua mahali pa kuandika si kazi. Kazi ni kujua uandike nini, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wameandika njia, yaani anwani ya folda, waliyoikisia au waliyotumiwa WhatsApp na fundi aliyetengeneza tovuti miaka iliyopita. Seva yenyewe hawajaiuliza.

Iulize seva kwanza

Acha kisanduku cha "Default remote directory" kikiwa tupu, unganisha, kisha tazama maandishi yanayopita kwenye paneli ya juu, yaani logi. Kama paneli hiyo imefichwa, fungua menyu ya "View" na uweke alama kwenye "Message log". Mstari unaoutafuta unafanana na huu:

Command: PWD
Response: 257 "/" is your current location

PWD ni swali: niko wapi? Jibu linaloanza na 257 ndiyo seva inakuambia ilipokuweka, na njia yenyewe imo ndani ya alama za kunukuu. Maneno yanayofuata hutofautiana kutoka seva hadi seva, usiyajali. Namba na amri hizi zimo kwenye kanuni za FTP zilizotolewa Oktoba 1985 kwa jina la RFC 959, na ndiyo maana utazikuta vile vile uwe umeunganisha na seva ya Dar es Salaam au ya Ujerumani.

Sasa tembea kwa mkono mpaka folda unayoitaka, ile yenye faili la index.html au index.php la tovuti yako. Ukifika, angalia kisanduku cha "Remote site" juu ya orodha ya mafaili ya seva. Njia iliyoandikwa humo inakili yote, pamoja na mkwaju (/) wa mwanzo, ukaibandike kwenye "Default remote directory". Kata muunganisho, kisha unganisha tena kupitia "Site Manager". Wengi wanaishia hapa na hawahitaji kusoma zaidi.

Dalili: logi inaonyesha 550, kisha unarudishwa mwanzo

FileZilla ina tabia moja inayowachanganya watu. Ukiipa njia mbaya, haikufungii mlango. Inajaribu, seva inakataa, halafu yenyewe inafungua folda ya kawaida ya kuingilia kana kwamba hukuandika kitu. Mtu anadhani mpangilio haukuhifadhiwa, anaurudia, anauhifadhi tena, na matokeo ni yale yale. Ushahidi uko kwenye logi:

Command: CWD /home/wageni/public_html
Response: 550 Can't change directory to /home/wageni/public_html: No such file or directory

CWD ni ombi la kuhamia folda fulani. Ikikubaliwa, seva hujibu 250. Namba 550 maana yake folda haipo, au ipo lakini huruhusiwi kuiingia.

Sababu kubwa kuliko zote ni mkwaju wa mwanzo kumaanisha vitu viwili. Kwenye diski ya seva, folda ya tovuti inaweza kweli kuwa /home/wageni/public_html, na ndivyo fundi au paneli ya hostingi (kampuni inayokuhifadhia tovuti) itakavyokuambia. Lakini seva nyingi za FTP humfungia mtumiaji ndani ya folda yake ya nyumbani. Ni kama mgeni aliyepewa chumba na kufungiwa mlango: kwake yeye kile chumba ndiyo nyumba nzima. Kwa mtu aliyefungiwa hivyo, "/" ni folda yake mwenyewe, na /home haipo kabisa machoni pake. Njia anayotakiwa kuandika ni /public_html, basi. Jinsi ya kutambua ni ule mstari wa 257. Ukijibiwa "/", umefungiwa, ondoa kila kinachotangulia folda yako ya nyumbani. Ukijibiwa "/home/wageni", hujafungiwa, na unaandika njia nzima.

Hapo hapo kuna mtego wa pili. Tuseme ulikuwa unatumia FTP ya kawaida na njia /public_html inafanya kazi vizuri. Mtu akakushauri uhamie SFTP kwa usalama, ushauri mzuri tu, ukabadilisha "Protocol" na kuacha mengine yote kama yalivyo. Ghafla folda haifunguki. SFTP si FTP iliyovikwa kufuli. Inapita kwenye SSH, njia ya siri ya kuingia seva kwa mbali, kwa kawaida lango (port) namba 22 badala ya 21, na programu inayokupokea upande wa pili ni nyingine kabisa. Mara nyingi hiyo haikufungii, kwa hiyo akaunti ile ile sasa inauona mti mzima wa seva, na njia sahihi imekuwa /home/wageni/public_html. Pia usitafute 550 kwenye logi ya SFTP, haimo. Utaona maneno yanayosema folda haipo au ruhusa imekataliwa. Dawa haibadiliki: acha kisanduku tupu, unganisha, soma ulipo, nakili.

Kama mkwaju wa mwanzo uko sawa na bado unapata 550, kagua herufi. Seva nyingi za tovuti zinatumia Linux, na huko Matokeo na matokeo ni folda mbili tofauti. Njia ikiandikwa kwenye simu, kibodi hupenda kuanza na herufi kubwa bila kukuuliza, ndiyo maana njia zinazotumwa kwa ujumbe hufika zikiwa "Public_html". Mikwaju nayo iangalie inavyolala: Windows hutumia \ na seva hutumia /. Jina lenye nafasi katikati, mathalani "Bei za Korosho", huanza kuleta taabu pale njia inapoandikwa kwenye mstari wa amri. Ukiweza, libadilishe liwe bei-za-korosho, na usumbufu huo hutauona tena.

Ikibaki 550 yenye maneno "Permission denied", folda ipo ila umezuiwa. Kwenye Linux, kuingia folda kunahitaji ruhusa ya x (execute). Kuwa na ruhusa ya kusoma peke yake hakutoshi. Folda za tovuti kwa kawaida huwa 755, yaani mwenye folda anaandika, wengine wanasoma na kuingia tu. Kama folda ni yako, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "File permissions", uweke 755. Ikikataa, mwenye folda si akaunti yako, na hapo ni kuwaandikia wa hostingi tu. Usikubali ushauri wa kuweka 777 ili "ifanye kazi". Unampa kila mtumiaji wa seva hiyo uwezo wa kuandika kwenye tovuti yako.

Dalili: hakuna kosa lolote, lakini folda iliyofunguka siyo

Hapa logi ni safi, CWD ya folda yako haionekani kabisa, maana yake programu haikuomba kwenda huko. Kwanza jiulize umeunganisha kwa njia gani. Ukiandika jina la seva, mtumiaji na nenosiri kwenye ule mstari wa juu na kubonyeza "Quickconnect", mipangilio ya "Site Manager" haihusiki. Hata kama taarifa ni zile zile, FileZilla haijui kwamba unamaanisha tovuti uliyoihifadhi. Unganisha kwa kuchagua jina kwenye "Site Manager", au kwa mshale mdogo ulio pembeni ya kitufe chake.

Ctrl+R nayo hudanganya wanaojaribu. Kuunganisha upya kwa njia hiyo hukurudisha folda uliyokuwa mara ya mwisho, haikupeleki ya kuanzia. Hali kadhalika kama umeiambia FileZilla irejeshe vichupo vya jana kila inapofunguliwa. Kwenye WinSCP mhusika ni "Remember last used directory". Ikiwa na alama, kila ukifunga programu inaandika folda uliyoishia juu ya ile uliyoichagua, nawe kesho unashangaa nani amebadilisha. Ondoa alama hiyo, kisha andika upya folda zako.

Na angalia usiwe na majina mawili yanayofanana kwenye orodha. Kompyuta za ofisi zinazotumiwa na watu wengi huwa na "Tovuti", "Tovuti mpya" na "Tovuti mpya 2", zote za seva moja. Umerekebisha moja, unaunganisha kwa nyingine.

Dalili: FileZilla inakataa kuhifadhi

Ujumbe "Default remote path cannot be parsed" unatokea pale unapoandika njia isiyo kamili, kwa mfano public_html bila mkwaju mbele. Kisanduku hicho kinataka njia inayoanzia kwenye mzizi: /public_html. "Server type" iache kwenye chaguo la mwanzo, isipokuwa una sababu unayoijua.

Ujumbe mwingine unakuja ukiwa umeweka alama kwenye "Use synchronized browsing" huku kisanduku kimoja kikiwa tupu. Chaguo hilo linatembeza folda ya kompyuta na ya seva kwa pamoja, kwa hiyo lazima lijue pa kuanzia pande zote mbili. Ni chaguo zuri kwa mtu ambaye nakala yake ya kompyuta imepangwa sawasawa na seva. Kama haijapangwa hivyo, liache. Litakusimamisha kila ukifungua folda isiyo na pacha wake upande wa pili.

Dalili: folda inafunguka, lakini ni tupu, au unachopandisha hakionekani kwenye tovuti

Hili ndilo la yule wa Mikindani, na lina sura mbili.

Sura ya kwanza ni akaunti kuwa na mzizi mahali pasipo. Kwenye hostingi zinazotumia cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), ukiunda akaunti ya ziada ya FTP, ile inayoandikwa kwa mtindo wa jina@tovuti, kuna sehemu ya "Directory" ambayo hujijaza yenyewe kadiri unavyoandika jina. Usipoigusa, akaunti inaweza kupewa folda mpya yenye jina lake, na mtumiaji anafungiwa humo. Akiingia, anajibiwa "/" na folda iko tupu. Hakuna unachoweza kuandika kwenye FileZilla kikamtoa humo, kwa sababu juu ya mzizi wake hapaoni. Marekebisho ni ya upande wa paneli: akaunti ielekezwe public_html, au ifutwe iundwe upya kwa njia sahihi. Wakati wa kufuta soma vizuri, kwa sababu paneli inakupa uamuzi wa kufuta akaunti peke yake au kufuta pamoja na folda yake. Kama folda hiyo ni public_html, chaguo la pili linaondoka na tovuti nzima.

Sura ya pili ni ya akaunti kuu. Unaingia, unajibiwa "/", unaona public_html, mail, etc na nyinginezo, halafu unaachia picha hapo hapo ulipo. Mafaili yamepanda kweli, ila yako juu ya folda ambayo wageni wa tovuti wanaiona. Folda ya kuanzia iwe /public_html. Ukiona pia folda inaitwa www, kwenye cPanel hicho ni kiungo tu kinachoelekeza public_html, yote mawili ni mamoja. Kama una zaidi ya tovuti moja kwenye akaunti, kila tovuti inaweza kuwa na folda yake, na paneli ya hostingi ndiyo itakayokuonyesha ipi ni ya ipi.

Kipimo cha haraka: pandisha faili dogo la maandishi, liite jaribu.txt, kisha lifungue kwenye kivinjari kwa anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /jaribu.txt. Likionekana, uko panapotakiwa. Lisipoonekana, umekosea folda. Ukimaliza, lifute.

Dalili: upande wa kompyuta unaanzia pengine

Hili tunaliona zaidi kwa wanaobeba kazi kwenye flashi. Uliweka "Default local directory" kuwa E:\tovuti. Leo umechomeka flashi ile ile kwenye kompyuta nyingine, au kwenye hiyo hiyo lakini kuna kifaa kingine kilichotangulia, na Windows imeipa herufi F. Folda ya E haipo, programu inaangukia pengine. Ukitaka flashi yako iwe na herufi moja kwenye kompyuta ya ofisi, fungua "Disk Management" na uipe herufi ya mbali kidogo, tuseme T, ambayo vifaa vingine havitaigusa. Kwenye kompyuta ya steshenari huna mamlaka hayo. Huko acha kisanduku tupu, uchague folda kwa mkono.

Na ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako usihifadhi nenosiri. FileZilla huweka tovuti zote kwenye faili la sitemanager.xml ndani ya %APPDATA%\FileZilla, na bila "master password" manenosiri yaliyomo yamefichwa kwa base64 tu, mtindo wa kuandika usio na ufunguo wa siri, kitu ambacho yeyote anakifumbua kwa sekunde. Faili hilo hilo ndilo unaloweza kulihamisha kwenda kompyuta mpya ili usiandike upya kila kitu. Ila usijaribu kubadilisha folda ya kuanzia humo kwa mkono. Njia ya seva imeandikwa kwa mtindo wake, mathalani /public_html inakaa kama "1 0 11 public_html", ile 11 ikiwa ni idadi ya herufi za jina. Ukibadilisha jina ukaacha hesabu, njia imeharibika.

Dalili: inaganda, kisha inasema imeshindwa kuleta orodha

Umeingia, PWD imejibiwa, pengine hata CWD imepata 250. Baada ya hapo kimya, na kama sekunde 20 baadaye inakuja "Failed to retrieve directory listing". Usihangaike na folda. FTP hutumia muunganisho mmoja kwa amri na mwingine kwa orodha na mafaili, na huo wa pili ndio umeshindikana. Ukiona amri ya PORT kwenye logi, upo kwenye "Active", ambapo seva ndiyo inayotakiwa kukupigia wewe. Ukiwa kwenye intaneti ya simu au modemu, seva haiwezi kukufikia moja kwa moja. Nenda kichupo cha "Transfer Settings", chagua "Passive". Ikiendelea kuganda, zima kwa muda ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta ujaribu, na ukishajua jibu uuwashe.

Dalili: anwani ya ftp:// kwenye kivinjari haifungui kitu

Haitafungua. Firefox iliondoa FTP kwenye toleo la 90, Julai 2021, na Chrome kwenye toleo la 95, Oktoba mwaka huo. Kwenye programu za FTP zinazopokea anwani za namna hiyo, ujue kwamba njia inayofuata jina la seva huhesabiwa kuanzia folda uliyoingilia. Ukitaka ihesabiwe kuanzia mzizi, mkwaju wa kwanza wa njia huandikwa %2F, kwa mfano ftp://seva/%2Fsrv/tovuti.

Kama seva ni yako

Wachache wenye seva zao hupenda kurekebisha kwa kila mtumiaji, wakati mara moja upande wa seva ingetosha. Kwenye vsftpd, programu ya seva ya FTP, local_root ndiyo folda anayopelekwa mtumiaji baada ya kuingia. Kasoro yake ni kwamba ukikosea njia hiyo haitoi kosa lolote, inapita kimya. Ukiweka chroot_local_user=YES (kila mtumiaji afungiwe ndani ya folda yake) na watu wakaanza kupata "500 OOPS: vsftpd: refusing to run with writable root inside chroot()", seva inakataa mzizi unaoweza kuandikwa. Wengi hukimbilia allow_writeable_chroot=YES. Mimi napendelea kuondoa ruhusa ya kuandika kwenye mzizi na kumwekea mtumiaji folda moja ya ndani ya kuandikia. Kwenye ProFTPD, programu nyingine ya namna hiyo, DefaultRoot humfungia mtu, na DefaultChdir humchagulia pa kuanzia.

Kwa SFTP ya OpenSSH (programu ya SSH ya seva), ChrootDirectory, folda ya kumfungia mtumiaji, hudai folda hiyo na zote zilizo juu yake ziwe mali ya root (msimamizi mkuu wa seva), zisiandikwe na mwingine. Vinginevyo mtumiaji anakatwa papo hapo, na kwenye logi ya seva unakuta "bad ownership or modes for chroot directory". Folda ya kuanzia inaongezwa hivi:

ForceCommand internal-sftp -d /tovuti

Njia hiyo inahesabiwa kutoka ndani ya mzizi mpya. Kabla ya kuanzisha huduma upya endesha sshd -t ili faili la mipangilio likaguliwe, na dirisha la SSH ulilonalo usilifunge mpaka umejaribu kuingia upya kwa dirisha jingine ukafanikiwa.